Nyumba Mia Mbili na Kumi na Mbili za Laurel Lick

Washington, 16 Aprili 2000

Kwako Mjomba Verlin,

Natumaini barua hii inakukuta goti limepoa na umeacha kupanda ngazi za kanisa kwa ubishi. Mimi ni mzima. Mama ameniambia kwenye simu kwamba mkaza mjomba Imogene alikaanga vitunguu pori na viazi vya watu themanini pale ukumbi wa zimamoto, na kwamba hadi Jumatano basi la shule lilikuwa bado linanuka. Nilicheka, kisha nikaona wivu. Huku vitunguu pori vinauzwa kwenye hoteli za wakubwa, vitatu katika sahani pana, na watu wanavila kwa kisu na uma.

Sasa niseme lililonikalisha kuandika. Unajua kazi yangu ni kuhesabu kura kabla hazijapigwa. Mwaka huu ofisi yetu inamfanyia hesabu mgombea urais wa chama chetu, na mimi nimepewa majimbo tisa, letu likiwa mojawapo. Katikati ya Oktoba wakubwa watayagawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni ya kupiganiwa: yatapelekewa watu, matangazo ya redio na mgombea mwenyewe. La pili ni ya salama, yaachwe yajiendee. West Virginia imekwisha kuandikwa salama. Mjomba, mimi naogopa.

Wewe ni mwenyekiti wa chama wilaya ya Tolliver mwaka wa ishirini na nane huu, na neno la mwenyekiti wa wilaya ya migodi ya makaa linasikika hadi huku. Nakuomba kitu kimoja. Mwaka huu usingoje Oktoba. Wapeleke makapteni wako wa vituo mlango kwa mlango wakati wa kiangazi, waandike kadi ya kila nyumba kama kawaida: hakika, wanaoyumba, tuliowapoteza. Kisha unitumie hesabu bila kuitia chumvi. Nakujua.

Mpwa wako,
Rhonda Kay


Laurel Lick, 7 Mei 2000

Mpwa wangu Rhonda Kay,

Barua imefika, Imogene ameisoma kwa sauti mbele ya mama yako, kwa hiyo bonde zima linajua kwamba Washington vitunguu vinaliwa kwa uma. Goti ni lile lile. Dwight mwanangu na mkewe hawajambo. Mgodini wamefuta zamu ya tatu lakini mwanangu bado yumo, zamu ya mchana. Mama yako amepanda nyanya mapema mno, baridi imezichoma, sasa anailaumu serikali.

Na wewe, unaogopa nini? Nakumbuka namba vizuri kuliko tarehe ya ndoa yangu. Mwaka 1988 nchi nzima ilikimbilia upande wa pili, sisi tukasimama peke yetu, tukashinda hapa kwa pointi tano. Mwaka 1992, pointi kumi na tatu. Mwaka 1996, pointi kumi na tano. Mimi niliacha shule darasa la nane nikaingia chini ya mlima, lakini namba zinazopanda nikiziona nazijua. Huko wanakulisha nini hata unaona giza mchana?

Makapteni nitawatuma. Wananung'unika, wanasema kiangazi ni cha kuvua samaki. Nitawatuma hivyo hivyo. Hesabu utaipata, na utaona aibu kwa kuuliza.

Mjomba wako,
V. Harless


Washington, 11 Juni 2000

Kwako Mjomba Verlin,

Salamu nyingi kwa wote. Mwambie mama serikali imepokea lawama za nyanya na inazifanyia kazi.

Namba zako ni sahihi, kila moja. Ila umezisoma peke yake. Tuseme mtoto wako alipata alama hamsini, mwaka uliofuata akapata sitini, na wewe ukachinja kuku. Kisha mwalimu akakwambia kwamba mtihani wa pili ulikuwa rahisi, darasa zima limepanda alama ishirini. Mtoto amepanda, lakini katika darasa ameshuka.

Fanya hivyo kwa jimbo letu. Mwaka 1988 taifa lilimkataa mgombea wetu kwa karibu pointi nane, sisi tukampa ushindi wa tano. Tulikuwa pointi kumi na tatu zaidi upande wake kuliko taifa. Mwaka 1992 tulimpa kumi na tatu, lakini taifa lenyewe lilimpa karibu sita. Zinabaki saba. Mwaka 1996 tulimpa kumi na tano, taifa likampa nane na nusu. Zinabaki sita na kitu. Kumi na tatu, saba, sita. Miaka ile miwili ya mwisho taifa ndilo lililotubeba, na sisi tukadhani tunatembea.

Mwaka huu taifa halitambeba mtu. Kila kura ya maoni inasema nusu kwa nusu. Tutasimama kwa miguu yetu wenyewe, na kura za maoni za jimbo nilizoona mwezi huu si nzuri. Bosi wangu, Bwana Ashworth, anasema kura za maoni huko milimani hazina maana kwa sababu watu wenu hawajibu simu za wageni. Ndiyo maana nataka milango. Milango haibishiwi.

Kura za wajumbe, zile ambazo kila jimbo linampa mgombea urais na ndizo zinazoamua mshindi, kwetu ni tano tu, najua. Lakini mtu akishinda jimbo kwa kura moja anazichukua zote tano, na mwaka wa nusu kwa nusu tano si chache.

Rhonda Kay


Laurel Lick, 20 Agosti 2000

Mpwa wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na mafuriko madogo kijitoni, daraja la kwa mama yako lilichukuliwa, tukalirudisha na mbao za zizi. Imogene anakohoa. Mgodi umesimamisha watu sitini, Dwight ni mmoja wao. Sitaki kulizungumza.

Hesabu uliyoomba ndiyo hii, vituo vyote kumi na kimoja vya Tolliver. Kwa jumla tuna hakika sabini na moja katika kila mia. Nakala nimempelekea mwenyekiti wa chama wa jimbo kama inavyotakiwa, naye amesema atawaonyesha wakubwa wako. Haya, kalale.

V.H.


Washington, 3 Septemba 2000

Mjomba,

Poleni kwa daraja na kikohozi. Pole kwa Dwight.

Hakuna aliyepiga hodi kwenye mlango wowote.

Nilipopata karatasi yako nilifurahi kwa muda wa chakula cha mchana. Kisha nikachukua nakala ya daftari la wapiga kura la wilaya, lile lililopo jengo la mahakama, nikaliweka pembeni. Kituo cha kwanza, waliojiandikisha chama chetu 412. Karatasi yako, hakika 412. Kituo cha pili 287, hakika 287. Hivyo hivyo hadi cha kumi na moja. Umenakili daftari, mjomba. Umewahesabu hata marehemu. Hobart Cline umemwandika hakika, na wewe mwenyewe ulilibeba jeneza lake Pasaka ya mwaka jana.

Wewe na mimi tunajua daftari lile ni la nini. Tolliver watu wengi wameandikwa chama chetu, maana sherifu na hakimu wanapatikana katika kura ya mchujo ya chama chetu, na asiyeandikwa hana sauti juu ya sherifu. Mtu anaweza kubaki humo hadi anazikwa na huku juu kabisa ya karatasi ya kura, penye urais, anamchagua mwingine. Daftari linasema babu yake alikuwa nani. Halisemi yeye atafanya nini Novemba.

Sikuombi wilaya nzima tena. Tembea bonde lako tu, Laurel Lick, nyumba mia mbili na kumi na mbili. Unamjua kila mtu na mbwa wake. Nikipata hesabu hiyo, na jina lako chini, naweza kuiweka mezani.

Nimekasirika, sitakuficha. Lakini ni wewe uliyenifundisha kuhesabu, kwa kokwa za mahindi, kwa hiyo najua unaweza.

Rhonda Kay


Washington, 24 Septemba 2000

Mjomba,

Wiki tatu na hujajibu. Mama anasema uko salama na kwamba ukitajiwa jina langu unatoka kwenda kuangalia kuni. Niandikie hata unitukane.

R.K.


Laurel Lick, 30 Septemba 2000

Rhonda Kay,

Tuko wazima. Imogene amepona kikohozi. Nyanya za mwisho tumeziweka chupani, chupa arobaini. Dwight amekwenda kuulizia kazi North Carolina, kiwanda cha makochi, amerudi bila kitu. Ameanza kuuza vitu vya uvuvi.

Mambo ya hesabu naomba uniache nayo. Mimi nimekuwa mwenyekiti tangu wewe unanyonya kidole. Sikumbuki siku ambayo mtu wa Washington alinifundisha Laurel Lick iko wapi.

V.H.


Washington, 6 Oktoba 2000

Mjomba,

Nawasalimu wote. Kuna jambo nilikuficha, sasa nalisema.

Ile karatasi yako ya Agosti ndiyo wanayonipigia nayo. Mwenyekiti wa jimbo aliileta kama alivyokuahidi. Kwenye kikao cha Jumatano nilisimama nikaeleza kila kitu, kumi na tatu, saba, sita, na kura za maoni ambazo sasa zinasema tuko nyuma. Bwana Ashworth akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akafungua jalada lake, akatoa karatasi yako, akaisoma taratibu mbele ya watu kumi na wanne: "Tolliver, sabini na moja katika mia. Imetiwa saini na V. Harless." Akaniuliza, "Huyu Harless si mjomba wako?" Watu wakacheka. Nikasema ndiyo. Sikusema kwamba umenakili daftari. Nilishindwa kukuaibisha mbele yao, na sasa sijui kama nilifanya vizuri.

Kikao cha mwisho ni tarehe 20. Wakiliweka jimbo letu katika fungu la kupiganiwa, watu mia mbili watateremka huko kesho yake, redio zitaanza, na mgombea mwenyewe amesema yuko tayari kuja kwenye uwanja wa mpira wa shule. Bado kuna nafasi. Wanachotaka ni neno la mwenyekiti mmoja wa wilaya ya migodi likisema kinyume cha lile la Agosti. Mwenyekiti mmoja tu.

Na mimi pia nipo mezani. Bwana Ashworth amesema nikikosa uthibitisho, majimbo yangu atapewa mwingine. Hilo lisikusukume. Naandika ili usije ukasema hukuambiwa.

Tembea, mjomba. Nakuomba kama mtoto wako.

Rhonda Kay


Laurel Lick, 12 Oktoba 2000

Mpwa wangu,

Wote hawajambo. Imogene anapika matufaha ya kupaka kwenye mkate, nyumba nzima inanuka mdalasini. Mama yako alikuja kusaidia kukoroga, akakoroga umbea zaidi ya sufuria.

Nimetembea. Siku tano, goti limefungwa bandeji, nyumba zote mia mbili na kumi na mbili. Sikumtuma kapteni yeyote.

Kwa Junior Toler nilipewa kahawa. Nikamwuliza, "Junior, nikuandike hakika?" Akacheka. "Sherifu niandike hakika. Hakimu niandike hakika. Huyo wa juu kabisa, mruke."

"Kwa nini?"

"Verlin, usinichimbe. Unajua kwa nini. Wewe ulishika sururu miaka thelathini, unadhani huyo wa kwenu anajua sururu inashikwa upande gani?"

Mkewe Dreama akatokea mlangoni na taulo begani. "Kila uchaguzi unakuja na kadi, leo umekuja na swali. Umekula nini asubuhi, Verlin?"

Mjane wa Hobart Cline alinijibu amesimama. "Hobart alikipigia chama miaka hamsini, na mimi nikakipigia kwa sababu ya Hobart. Sasa Hobart hayupo." Akafunga mlango polepole, bila ubaya. Pale juu penye mabehewa ya zamani yaliyofanywa nyumba kijana mmoja aliniambia nisipande tena ngazi zake na hiyo beji. Nilimpa mkono siku aliyobatizwa.

Wengine wanaogopa wa kwetu akishinda migodi itafungwa. Wengine, kwamba watanyang'anywa bunduki. Wengine hawakuwa na sababu ya kunipa, waliangalia viatu vyao tu, na hao ndio walionisumbua zaidi.

Hesabu: hakika 88, wanaoyumba 31, tuliowapoteza 93. Miaka minne iliyopita bonde hili lilikuwa na hakika mia na sitini. Wote bado wameandikwa chama chetu mahakamani, hakuna hata mmoja aliyejitoa. Ulichosema ni kweli na nilichotuma Agosti kilikuwa uongo. Ipeleke hii. Jina langu liko chini.

Verlin Harless
Mwenyekiti, Wilaya ya Tolliver


Washington, 21 Oktoba 2000

Mjomba,

Nilikwenda kwenye kisanduku cha barua asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Jana, kabla ya kikao, nilimwuliza mlinzi wa jengo kama kuna kilichoachwa kwake. Hakuna kilichokuja.

Imekwisha. Jimbo letu limewekwa salama. Hakuna atakayekuja. Majimbo yangu tisa amepewa mwenzangu na mimi nimehamishiwa chumba cha majalada, napanga vipande vya magazeti.

Sijui kama hukutembea, au ulitembea ukaona ambacho hukutaka kukiandika. Nilitaka kukupigia simu, nikaona ukinidanganya kwa sauti yako nitashindwa kukusikia tena maisha yangu yote. Msalimu mkaza mjomba.

Rhonda Kay


Washington, 26 Novemba 2000

Mjomba,

Natumaini Sikukuu ya Shukrani ilipita salama na Dwight alipata paa wake wa msimu wa kuwinda. Sikuja. Nilimwambia mama nina kazi. Sina kazi, nilibaki chumbani.

Umesikia redio kama mimi. Taifa limempa mgombea wetu kura nyingi kuliko mwenzake, kwa tofauti ndogo mno. Jimbo letu limemkataa kwa pointi sita. Kumi na tatu, saba, sita juu ya taifa, na sasa karibu saba chini yake. Nilijua tunashuka, sikujua tunaanguka hivyo.

Wote hapa wanaitazama Florida, jimbo lililobaki kuamua mshindi, wanabishania vikaratasi vya kura vilivyotobolewa nusu. Hakuna anayetaja West Virginia. Mimi naitaja kila ninapoamka. Kura zetu tano, juu ya zile alizokwisha kupata, zingemvusha. Florida wangebaki na vikaratasi vyao na hakuna ambaye angeuliza.

Barua yako ilifika tarehe 8 Novemba, siku moja baada ya kura. Juu umeandika 12 Oktoba. Mhuri wa posta ya Laurel Lick unasema 4 Novemba. Ilikuwa mezani kwangu hadi leo kwa sababu sikuweza kukuuliza bila matusi. Sasa nauliza. Kutoka kwako hadi posta ni dakika kumi kwa gari. Ilikuwa wapi siku ishirini na tatu?

Rhonda Kay


Laurel Lick, 3 Desemba 2000

Mpwa wangu Rhonda Kay,

Tumebaki wazima. Theluji imeanza. Dwight alipata paa, na wiki hii amehamia North Carolina na mkewe, wamemchukua kazi ya usiku katika kiwanda kile kile kilichomkataa.

Umeuliza, nitakujibu wazi.

Barua ilikuwa ndani ya gari, kwenye kijisanduku cha mbele, chini ya risiti za mafuta. Niliipeleka posta mara nne. Mara ya nne nilishuka nikafika dirishani, yule mama wa posta akaniuliza, "Stempu, Verlin?" Nikasema nimekuja kuangalia kisanduku changu, nikarudi.

Sikuogopa aibu. Ningependa ufikiri hivyo, aibu mtu anaweza kuisamehe. Wewe mwenyewe uliniandikia barua ile ikifika nini kitatokea: watu mia mbili, redio, mgombea uwanjani. Nilijua mkija mngeweza kushinda. Mimi sikutaka mshinde.

Katika zile nyumba tisini na tatu, ya kwanza ni yangu. Niliandika kadi yake nimesimama jikoni, kabla ya kutoka, Imogene akiniangalia. Tarehe 7 Novemba niliwafungulia watu kituo cha kura saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikiwa na beji ya chama kifuani, kisha nikaingia nyuma ya pazia nikampigia yule mwingine. Miaka ishirini na nane ya uenyekiti. Baba yangu kabla yangu kumi na tisa. Sikusita, na hilo ndilo lililonitisha.

Kwa nini basi niliandika? Kwa sababu uliniita mwongo na ulikuwa sahihi, na sikutaka kufa ukiwa sahihi juu ya hilo. Kwa nini niliituma tarehe 4? Kwa sababu kufikia Jumamosi ile barua haikuweza tena kubadilisha kitu. Nilijiambia kuchelewa ni bora kuliko kutotuma. Ulikuwa woga tu.

Umepoteza kazi yako kwa ajili yangu. Nchi imepoteza kitu au imepata, hilo sijui na sidhani nitajua. Lakini wewe ulipoteza, na aliyekufanyia ni mimi, kwa mikono yangu miwili, nikijua. Nisamehe ukiweza.

Na nikuambie jambo moja, kisha unitupe. Barua zako sita za kabla ya uchaguzi nimezipanga mezani hapa. Katika zote umeniuliza wangapi. Hakuna hata moja uliyoniuliza kwa nini. Nilikuandikia Dwight amesimamishwa kazi, ukaweka "Pole kwa Dwight," ukahamia kwenye daftari. Maneno matatu, Rhonda Kay. Nilikaa nayo barazani jioni nzima. Ungeuliza siku ile ningekwambia yote, na ungejua mwezi wa Septemba nyumba ya kwanza iko upande gani. Miaka mitatu hujakanyaga hapa. Ulitaka nikupelekee milango kwa posta.

Uenyekiti nimeuacha Alhamisi. Mama yako nimemwambia mwenyewe. Tangu hapo analeta mkate, anauweka kwenye ngazi, anaondoka.

Mjomba wako, kama bado,
Verlin


Washington, 10 Desemba 2000

Mjomba Verlin,

Ni mzima. Natumaini theluji haijafunga barabara.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili za kwanza nilitaka kuichana. Sijakusamehe, na sitaki mama akwambie nimekusamehe kwa sababu ya Krismasi. Kuna dakika nakumbuka wale watu kumi na wanne wakicheka na nataka kukuita jina ambalo halimfai mjomba.

Lakini huwa naweka nakala za barua zangu. Nimezitoa nikazisoma zote sita. Ni kweli. Nimetafuta swali hilo hata pembezoni, halipo. Miaka minane naandika jimbo hili linashuka kwa pointi ngapi dhidi ya taifa, na sijawahi kumwuliza mtu mmoja aliyekuwa anashuka.

Nitafika tarehe 23 kwa basi la mchana. Sileti kadi wala karatasi. Nina siku kumi, nyumba tisini na tatu zinawezekana kwa siku hizo tukianza mapema, na goti lako likigoma tutakwenda taratibu. Tutaanzia kwako. Mwambie mkaza mjomba asiweke chakula mezani kwanza. Utakaa mbele yangu uniambie kwa nini, na mimi nitanyamaza hadi umalize.

Rhonda Kay